Vioo vya Kengele ya Moto

Mwanangu Athumani,

Assalamu alaikum. Hali sikuulizi, kwa maana nakusikia hapo uani ukicheka na binamu zako waliokuja kutoka Ramisi kukuaga. Kesho utapanda gari uende Mombasa, na mimi najijua. Tukisimama pale barabarani nitakwambia ukaze kamba ya sanduku, basi, maneno yatakuwa yameniishia. Ndiyo maana nimejifungia chumbani tangu sala ya alasiri, nikamwomba mamako asiniite.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kuwaheshimu wenye nyumba ameshakwambia yeye, na bibi yako ameyarudia. Siyagusi. Nataka kukuandikia juu ya hiyo kazi unayokwenda kujifunza. Tangu ulipoleta habari kwamba umekubaliwa kwenye karakana ya mitambo ya kengele za moto, umekuwa ukinitazama kama mtu anayengoja kupongezwa, nami sijakupongeza. Juzi nilikusikia ukimuuliza mamako, "Kwani baba hataki niende?" Akakujibu, "Muulize mwenyewe." Hukuniuliza. Basi nakujibu bila ya kuulizwa: nataka uende. Lakini naogopa, na sababu ya woga wangu umeisikia nusu nusu kwa watu wa hapa Munje, kila mmoja akiitia chumvi yake. Leo isikie kwangu.

Yule Mzungu aliyejenga hoteli ya Diani aliogopa moto kuliko kitu chochote, kwa sababu ukumbi wake wote wa kulia aliuezeka makuti. Kabla ya Uhuru akaagiza kutoka kwao mtambo wa kengele za moto ambao hata wakati huo ulikuwa mkongwe, umetolewa kwenye jengo fulani lililokuwa likibomolewa. Mimi nilikuwa nimejifunza umeme kiwandani, akanichukua, tukaufunga pamoja. Kulikuwa na kabati la chuma nyuma ya meza ya mapokezi, lenye vibao vidogo, kila upande wa hoteli na kibao chake. Moto ukitokea upande wa kusini, kibao cha kusini kinaanguka na kengele zinalia kila mahali. Darini, isipokuwa chumba cha dobi chenye joto la pasi, kulikuwa na vikombe vya shaba vyenye ulimi wa chuma ndani yake, ambao hupinda ukipata joto. Na ukutani kulikuwa na visanduku vyekundu.

Hivyo visanduku ndivyo nitakavyovisema sana, kwa hivyo nielewe vizuri. Kila kimoja kilikuwa na kioo chembamba usoni, na kioo hicho ndicho kilichobana kitufe kwa ndani. Mtu akiona moto anapiga kioo kwa kiganja, kinavunjika, kitufe kinaruka, kengele zinalia. Kioo chenyewe kilichanjwa nyuma kwa makusudi ili kivunjike upesi bila ya kumuumiza mtu. Mimi ndiye niliyewafundisha wafanyakazi wote, wapishi, madobi, watandika vitanda. Nikiwaambia, "Usitafute nyundo. Piga kwa kiganja, kitapasuka kama ganda la yai." Mamako alikuwa mmoja wao. Alikuwa akipiga pasi kwenye chumba cha dobi, na wewe tulikuwa tumekuacha hapa kwa bibi yako.

Uhuru ulipokuja, Mzungu akauza hoteli akarudi kwao. Wenye mali wapya wakamweka meneja kutoka bara, Bwana Mathenge. Nakuomba usimfanye mtu mbaya katika habari hii. Alikuwa mtu wa kazi, akiwaamkia wazee vizuri japo Kiswahili chake kilikuwa cha mkato, na ile hoteli ingekufa mapema kama si yeye.

Mtambo ukaanza kuchoka. Chumvi ya baharini ikala waya, mijusi wakataga mayai ndani ya vikombe vya darini, sisimizi wakajenga, na kengele zikawa zinalia pasipo na moto. Wageni wakatoka mbio na taulo viunoni, meneja akanijia, "Mzee, hii kitu yako itatufukuzia wateja." Tukawaandikia waliouunda. Wakajibu kwa adabu kwamba mtambo kama ule hawaundi tena, wala vipande vyake hawana.

Hapo ndipo nilipopata jina. Nikawa nikivuka Likoni kwenda kupekua maduka ya vyuma chakavu Mombasa, kwenye marundo ya mitambo iliyotolewa kwenye maghala ya zamani. Koili iliyoungua niliisuka upya kwa waya wa redio bovu. Wakati mmoja nilipata rilei, ile swichi inayovutwa na umeme, iliyofanana kabisa na yetu, nikaitia, ikanguruma siku nzima kama nyuki kisha ikatoa moshi, kwa maana ilikuwa ya umeme wa nguvu nyingine. Nilicheka. Ningepaswa kujifunza, lakini nilicheka, nikaenda kutafuta nyingine nikaipata. Watu walikuwa wakisema mbele yangu, "Hakuna kitu kitakachomshinda fundi Salimu," nami nikipita naongeza hatua ili nisionekane nimesikia, na moyoni nimejaa.

Mwanangu, sifa ya namna hiyo ni tamu na inaharibu masikio. Kitu kikisema hapana, husikii.

Vioo vikaisha. Mzungu alikuwa ameacha sanduku la akiba, lakini walevi wa mwaka mpya wakavunja, watoto wa wageni wakavunja, na vingine vikadondoka vyenyewe kwa kutu ya fremu. Nikaona hilo ni jambo dogo sana kunisumbua. Mtu aliyesuka koili atashindwa na kioo? Nikaenda kwa fundi wa madirisha pale Kombani, akanikatia vioo vya dirisha kwa kipimo. Nilipofika navyo havikuingia. Vilikuwa vinene kidogo kuliko vile vya asili. Nikachukua tupa, nikalegeza fremu kidogo, vikaingia. Nikavisugua kwa kitambaa vikang'aa. Ukisimama kando usingejua kipi ni cha Mzungu na kipi ni cha Kombani.

Ningekuwa nakuangalia siku moja tu katika maisha yako ya kazi, ningechagua siku utakayochukua tupa ili kitu kisichoingia kiingie. Uache kwanza. Ukae chini uulize kwa nini hakiingii.

Nilikuwa nikiujaribu mtambo kila wiki, na hilo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililonilaza usingizi. Fundi ana ufunguo mdogo. Anafungua kisanduku kwa ufunguo, kitufe kinaruka, kengele zinalia, anafunga, anakwenda kingine. Kila wiki kengele zililia na meneja akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna hata wiki moja niliyopiga kioo kwa kiganja. Nani atavunja kioo alichokisumbukia? Kwa hivyo nilijaribu kila kitu katika hoteli ile isipokuwa kile ambacho mtu mwenye hofu angekuja kukifanya.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, wageni wengi wamelala baada ya chakula. Plagi ya pasi ya mwenzake mamako ikatoa cheche, shuka zikashika. Mwenzake akakimbilia maji. Mamako akakimbilia kisanduku kilichokuwa mlangoni. Akapiga kwa kiganja kama nilivyomfundisha. Hakikuvunjika. Akapiga tena. Moto ulikuwa umeshapanda kwenye rafu za shuka, na ukuta ule ulipakana na paa la makuti. Akapiga kwa ngumi, akapiga na kupiga, mpaka kikapasuka. Na kioo cha dirisha, mwanangu, hakimeguki kama ganda la yai. Kinapasuka vipande virefu. Mkono wake ulikuwa unakuja kwa nguvu zake zote, ukaingia katikati.

Mimi nilikuwa kwenye chumba cha pampu. Nilisikia ukelele kabla ya kengele. Nikasimama, nikajiuliza, mbona kengele hailii? Nikakimbia, na sikukimbilia kule ulikotoka ukelele. Nilikimbilia kabatini kutazama mtambo wangu una nini. Nilikuwa natia ufunguo mlangoni pa kabati kibao cha dobi kilipoanguka na kengele zikalia hoteli nzima, na wallahi nilifurahi. Nilisema alhamdulillahi, inafanya kazi. Mamako wakati huo amekaa chini mchangani, mwenzake anamfunga mkono kwa shuka, na shuka inabadilika rangi.

Wageni wote walitoka. Ukumbi wa kulia uliungua wote, ukabaki nguzo. Hakufa mtu. Bwana Mathenge alimpakia mamako kwenye gari lake mwenyewe akamkimbiza hospitali ya Msambweni, na pale walimshona vizuri, lakini mishipa inayokunja vidole ilikuwa imekatika. Vidole vitatu unavyoviona havikunjiki, ndiyo habari yake. Watu wamekwambia alikatwa na dirisha alipokuwa anawatoa wageni. Alikatwa na kioo nilichokinunua mimi.

Kesho yake meneja alitukusanya wafanyakazi wote kwenye mchanga, akasema mbele yao, "Kengele ya huyu mzee ndiyo imetuokoa. Bila yeye tungezika watu." Wakanipigia makofi. Mwenzake mamako, yule aliyemfunga mkono, hakupiga. Alinitazama tu. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikapokea.

Jioni nikaenda hospitalini na uji. Mamako alikuwa ameegemea ukuta. Hakuugusa uji.

"Kile kioo hakikuwa kama vile vya zamani," akaniambia.

"Hakikuwa."

"Ulijua?"

"Nilijua ni kinene. Sikufikiri ni kinene kiasi hicho."

Akautazama mkono wake uliofungwa. Kisha akasema, "Viko vingapi vingine?"

"Vingi. Karibu vyote."

"Basi nenda ukavitoe."

Hivyo tu. Nilikwenda kwa Bwana Mathenge nikamweleza, na usidhani nilieleza kama ninavyokueleza wewe. Nilisema kuna vioo ningependa kuvibadilisha. Naye hakuwa mjinga, alielewa. Akafunga mlango wa ofisi. "Mzee, sikiliza. Watu wa bima wanakuja kukagua. Wakikuta umetoa vioo wataanza kuuliza maswali, na hii hoteli itafungwa, na wote hawa watakwenda nyumbani. Ngojea wapite. Wakiondoka utavitoa vyote, hata mimi nitakusaidia."

Nikangoja. Nilijiambia nangoja kwa ajili ya kazi za watu, na kweli palikuwa na kazi za watu. Lakini pia nilikuwa bado nasikia yale makofi.

Mamako akaruhusiwa kurudi chumbani kwetu pale Diani, mkono umefungwa mpaka kiwikoni. Akaniuliza, "Umevitoa?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Meneja amesema tungoje watu wa bima wapite."

"Na moto nao umekubali kungoja?"

Nikaenda kujilaza. Sikulala vizuri, lakini asubuhi niliamka nikaenda kazini, kwa kuwa siku hiyo ndiyo waliyokuja. Walikuwa wawili, mmoja Mhindi mtu mzima mwenye miwani, mwingine kijana. Meneja akanisimamisha mbele ya kabati niwaeleze. Nikawaeleza. Niliwaonyesha koili nilizosuka kwa mkono wangu, na yule mwenye miwani akasema, "Kazi nzuri sana," nami nikaanza kunogewa. Katikati ya maneno yangu kibao cha kusini kikaanguka. Kengele zikalia. Nikakirudisha, nikasema labda ni mijusi. Kikaanguka cha bustanini. Kisha cha kaskazini. Vibao vilikuwa vinafuatana kama mtu anayetembea, na mimi nikajua ni nani anayetembea.

Tulimkuta kwenye ujia wa vyumba vya juu, leso mbili kajifunga, mkono wa kulia umening'inia shingoni kwa kitambaa, na wa kushoto umeshika mchi wa kinu chetu kidogo cha bizari. Alikuwa amesimama mbele ya kisanduku. Wageni walikuwa wanampita mbio kuelekea ufukweni. Alipiga, hakikuvunjika. Mchi wa mti mgumu, mwanangu, na hakikuvunjika. Akarudia ndipo kikapasuka.

Meneja akapiga kelele, "Mama! Unafanya nini?"

Akageuka pole pole. "Shikamoo, Bwana Mathenge," akamwambia, ingawa yeye mamako ndiye aliyekuwa mkubwa. "Ninajaribu vioo vya mume wangu."

Kengele zilikuwa zinalia bado. Yule mwenye miwani akaokota kipande chini, akakipima kwa vidole, akauliza, "Hivi vimetoka wapi?" Meneja akanitazama. Nakumbuka vizuri alivyonitazama, alikuwa ananiomba. Mamako hakunitazama kabisa. Alikuwa anatazama kisanduku kinachofuata.

Nikasema, "Nimevinunua mimi Kombani. Ni vya dirisha. Ndivyo vilivyomkata mke wangu." Baada ya hapo nikaenda kuzima kengele, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzizima.

Tulifukuzwa wote wawili siku ile ile. Hoteli haikufungwa kama alivyohofia meneja, lakini ilizuiwa kulaza wageni mpaka visanduku vitengenezwe. Tukarudi Munje. Wewe ulifurahi, ulidhani tumerudi kwa ajili yako. Mimi nilitengeneza redio za watu na kulima muhogo, na mamako alikuwa anajifunza kula na kufunga leso kwa namna nyingine. Hatukuzungumza sana. Sijui kama ulikuwa mkubwa wa kutosha kuliona hilo.

Kisha Bwana Mathenge akaja mwenyewe mpaka hapa, akakaa barazani. Akasema alikuwa ameleta hotelini fundi mwingine kutoka Mombasa, naye fundi akafungua kabati, akatazama nilivyosuka na kuunga, akalifunga, akasema kazi ya mtu aliyoifanya kichwani mwake hawezi kuiendeleza mtu mwingine. Nalo ni kosa langu jingine, nilifurahia kuwa peke yangu. Meneja akaniomba nirudi. Kabla sijajibu, mamako akasema kutoka ndani, "Atarudi akipata vioo vya kweli. Na vitajaribiwa na mtu asiyekuwa yeye."

Nilivitafuta mpaka nikakata tamaa. Mwishowe nikavipata kwa mpiga picha mzee wa Mombasa, aliyekuwa na makasha ya vioo vya picha vya zamani, vyembamba, ambavyo kamera za siku hizi hazivitumii tena. Vilikuwa na sura za watu, maarusi, wazee wenye kofia. Nilivilowesha kwenye maji ya moto na magadi, sura zikatoka, nikavikata na kuvichanja nyuma. Wewe unakumbuka vile vigae nyuma ya nyumba, na jinsi nilivyokuchapa kwa kukanyaga pale bila viatu. Ndivyo vioo vyenyewe. Kila nilipokata vioo, mamako alichagua kimoja yeye mwenyewe, nikakifunga kwenye kisanduku kilichopigiliwa kwenye shina la mnazi, naye akakipiga kwa kiganja cha kushoto. Nilitaka azungushie kitambaa, akakataa. "Mwenye kuona moto hatakuwa na kitambaa," alisema. Mara ya kwanza niligeuza uso. Kilipasuka kama inavyotakiwa, hakikumfanya kitu. Alisimama akatazama kiganja chake mbele na nyuma, kisha akasema, "Lete kingine."

Mtambo ule bado uko, bado naushughulikia. Nimewaandikia kila kiungo kilipotoka na kilivyofungwa, na nimewaambia wazi kwamba vipande vinakwisha na siku moja nitakataa. Hata hivyo nikisikia mtu akipiga ukelele wa mchezo tu, hapa kijijini pasipo na kengele yoyote, moyo wangu unasimama unangoja kengele ilie.

Huko uendako utakuta mitambo mikongwe kama wetu, kwenye maghala, kwenye mahoteli, na wenye nyumba watakwambia, "Tafuta chochote kinachofanana." Utakipata, kwa maana una mikono mizuri kuliko yangu, nimekuona. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Asiye hodari akishindwa husema ameshindwa, na watu wakajua wasilitegemee jambo hilo. Wewe utaweza kukifanya kitu kionekane kizima. Ukimwona mtu amepita mbele ya kazi yako akiwa na amani, jiulize amani hiyo umempa kwa haki au umemdanganya. Na ukikosea, usingoje watu wa bima wapite.

Nilifikiri nimemaliza. Nikatoka nikamsomea mamako yote, kwa kuwa ni habari yake kuliko yangu. Alisikiliza huku anakunja shati zako kwa mkono wake wa kushoto, wala hakunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza kama nimekosea mahali.

"Hukukosea," akasema. "Lakini umeandika kama kwamba nilisema maneno machache yale, kisha tukaenda kuvunja vioo, yakaisha. Nilikulaumu, Salimu. Nilikulaumu miaka. Kuna siku nilikuwa nakupakulia wali na nakulaumu. Nikakaa nawe hata hivyo. Mwandikie na hilo, asije akadhani mtu akinyamaza ameshasamehe."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

Akaniwekea shati mikononi nimshikie upande wa pili. "Sasa mtoto anaondoka. Shika vizuri."

Nimeliandika kama alivyolisema, wala sikuongeza. Mungu akutangulie.

Ni mimi babako,
Salimu